Mkanda wa Mashine ya Uwanja wa Yaeda

Zahanati ya Parokia,
Yaeda Chini.
9 Februari 2003

Mdogo wangu Modest,

Hatujambo huku. Natumaini na ninyi Katesh hamjambo, na mgongo wa mama umepata nafuu. Salamu zimetosha. Nina shida na nina hasira, na leo hasira imetangulia.

Ile mashine ya kukatia nyasi, ile ya kukalia uliyotutafutia mwaka ule shamba la ngano lilipouza vitu vyake, imekata mkanda. Unaijua mwenyewe. Ilikuwa inanyoa bustani za wazungu kambini, sasa inanyoa uwanja wetu wa ndege. Injini inawaka, magurudumu yapo, visu Mzee Gidahosh, mlinzi wetu, amevinoa kwa mkono wake. Bila mkanda inanguruma tu pale pale, haiendi hatua moja.

Nyasi zimefika magotini, na rubani wa ndege ya dawa na wagonjwa amesema wazi kwamba asipoona ardhi hatui. Usiniambie tuingize ng'ombe. Mwaka jana tuliwaingiza baada ya mvua, kwato zikaacha mashimo na gurudumu la ndege likazama. Usiniambie pia tufyeke kwa mikono. Nimeomba watu, na mwenyekiti wetu wa kijiji, Alfredi, ametangaza kuwa kazi ya wananchi mwaka huu ni shule peke yake. Anasubiri ndege ishindwe kutua ili augawe uwanja uwe mashamba. Ameniambia hivyo usoni, huku anatabasamu.

Sasa kuna mama mmoja hapa, Lucia, ana mimba ya tatu. Zile mbili alijifungua kwa kupasuliwa, na hii ni lazima apasuliwe pia, kwenye siku za mwisho za Aprili. Wakati huo barabara yetu inakuwa mto, gari halipiti hata la serikali. Ndege isipotua nitabaki naye mimi, na mkasi wangu wa kukatia kitovu. Nakataa.

Namba ya mkanda ilishafutika zamani. Mkanda wenyewe tuliuacha barazani, usiku fisi akaubeba. Usicheke. Kwa hiyo Mzee Gidahosh amekata ukanda wa ngozi ya ng'ombe, akauzungusha kwenye puli zote kama mkanda unavyopita, akaukata pale ncha zilipokutana. Nimekufungia humu. Urefu ni huo huo, na upana ni kama kidole changu kidogo. Tafuta haraka.

Dada yako,
Severina


Katesh.
20 Februari 2003

Dada Severina,

Shikamoo. Mgongo wa mama bado, lakini mdomo ni mzima kabisa na anakusalimu. Mzigo wako nimeupata kwa kondakta, ukinuka ng'ombe mpaka abiria walilalamika.

Dada, kutafuta mkanda siku hizi ni kazi. Enzi zangu za karakana ya shamba la ngano, mkanda ukikatika tulikuwa tunaandika makao makuu na kungoja mpaka tunasahau tuliomba nini, lakini ukija ni wenyewe. Sasa biashara ni huria. Kila duka lina mikanda imening'inia mpaka inakugonga kichwani, na muuzaji hajui upi ni wa nini. "Chukua tu mzee, ni orijino." Ukimuuliza orijino ya wapi, anakuangalia. Mimi mwenyewe nauza spea na sikuwa nao, ikabidi nipande mpaka Babati.

Nimelinganisha ukanda wako na mkanda mmoja mmoja hadi nikapata uliokaa sawasawa. Nimeangalia na upana pia, maana ile ya mashine za kusaga ni minene, inakaa juu ya puli na kuteleza. Huu hapa. Ufunge, ukate nyasi, umnyamazishe mwenyekiti wako.

Lingine. Babati sasa ni makao makuu ya mkoa mpya, na wanatafuta wauguzi wenye uzoefu. Nimeongea na mtu. Kuna nyumba yenye umeme na maji ndani. Umekaa bondeni huko vya kutosha, na tangu shemeji afariki unakaa peke yako. Fikiria, dada yangu.

Mdogo wako,
Modest


Yaeda Chini.
2 Machi 2003

Modest,

Mkanda wako ni mfupi. Sisemi mfupi kidogo. Tumevuta mimi na Mzee Gidahosh mpaka nimechubuka viganja, na bado imebaki shubiri nzima. Ulilinganisha na nini?

Umeniambia nifikirie Babati. Nimefikiria wakati nafunga kidonda cha mtu, na kabla sijamaliza bandeji nilikuwa nimepata jibu. Siendi. Nitumie mkanda.

Severina


Katesh.
9 Machi 2003

Dada,

Shikamoo. Nimesoma barua yako mara mbili, nikitafuta neno "asante", sikuliona.

Nimeshika mikanda tangu nina miaka ishirini. Nimefunga mikanda ya mashine za kuvunia ngano, zenye mikanda mingi kuliko utumbo. Ukanda wenu wa ngozi ninao hapa, nimeutundika kwenye msumari dirishani, na mkanda niliokutumia ulilingana nao nywele kwa nywele. Kama mkanda ni mfupi, basi mmepima vibaya. Au Mzee Gidahosh aliruka puli moja. Ana heshima zake, lakini ni mlinzi na mfugaji, si fundi.

Pimeni upya. Pitisheni kwenye puli zote, hata ile ndogo ya kukazia, halafu mtume haraka.

Na Babati hawangoji milele. Sikusema uende kesho. Nilisema fikiria.

Mdogo wako anayekuheshimu hata ukimkaripia,
Modest


Yaeda Chini.
17 Machi 2003

Modest,

Juzi ndege ilikuja. Ilizunguka juu yetu, ikashuka mpaka nikaona uso wa rubani, ikapanda, ikazunguka tena, ikarudi ilikotoka. Lucia alikuwa amesimama pembeni ya uwanja na kifurushi chake kichwani, maana nilimwambia aende mapema, akangojee siku zake hospitali. Aliitazama mpaka ikapotea, kisha akaniuliza, "Sasa dada nesi, tufanyeje?"

Alfredi naye alikuwepo. Akaniambia mbele ya watu, "Mbona unahangaika? Hata mdogo wako anajua mambo ya uwanja huu. Nilikunywa chai kwake Katesh mwezi wa kwanza, tukaongea vizuri."

Mwezi wa kwanza! Kabla mkanda haujakatika. Sasa nimeanza kuunganisha. Alfredi anataka uwanja. Wewe unanitafutia nyumba ya umeme Babati. Na mkanda unaokuja kutoka kwako ni mfupi. Niambie basi, amekuahidi nini? Mashamba mangapi? Mimi niliyekubeba mgongoni kwenda kliniki, sistahili hata kudanganywa vizuri?

Mzee Gidahosh amepima upya. Jana kulichinjwa ndama hapa, ngozi ilikuwa bado ya moto alipoikata, na nilimsimamia mwenyewe. Amepita puli zote, ile ndogo pia. Nimeufunga kwenye mfuko wa nailoni ili usinuke. Ukinitumia mfupi tena nitajua ni moyo wako mfupi.

Severina


Katesh.
24 Machi 2003

Dada Severina,

Shikamoo. Kaa chini kwanza. Nina mambo mawili, na la kwanza ni ukanda.

Wa pili ulipofika ulikuwa bado na unyevunyevu. Nikauweka sambamba na ule wa kwanza, nikaona wa pili umeuzidi kwa kiganja kizima. Mashine ni moja, mpimaji ni mmoja, vipimo viwili! Nikachukua kalamu nikuandikie maneno ambayo mama asingeyapenda. Bahati kulikuwa na mnada, nikavitundika vyote viwili kwenye msumari dirishani nikaenda zangu. Niliporudi siku ya tatu, vimelingana.

Nikasimama pale dukani nikacheka peke yangu, mteja akadhani nimerukwa na akili. Ngozi mbichi, dada! Ikikauka inajikunja. Sisi tumelala juu ya vitanda vya kamba za ngozi utoto wetu wote. Baba alikuwa akizifunga zikiwa mbichi kusudi zikauke na kukaza, na wewe ndiye uliyekuwa unamshikia ncha. Wa kwanza ulikauka njiani, ukafika kwangu umepungua shubiri, na mimi fundi mzima nikaununulia mkanda wake. Wajinga ni mimi, wewe, na Mzee Gidahosh, wote watatu. Tafuta kitu kisichosinyaa wala kuvutika, upime nacho.

La pili ni chai. Ndiyo, Alfredi alikuja, na ndiyo, alikunywa, vikombe viwili na maandazi ya mama. Alisema atanikatia shamba "kwenye eneo la wazi" huko kwenu nikikushawishi uhame. Sikumjibu. Ningemfukuza mgeni aliyeketi karibu na mama? Na sikukuambia kwa sababu nakujua, ungemfuata nyumbani kwake na jembe mkononi. Babati nilianza kuiulizia tangu Krismasi, kabla hajaja, kwa sababu nakuogopea. Unatibu watu usiku kwa taa ya chemli, umri unakwenda, na shemeji hayupo. Hiyo ndiyo hatia yangu yote. Shamba la Alfredi akalilime mwenyewe.

Umeniumiza, dada. Lakini nipe kipimo.

Modest


Yaeda Chini.
30 Machi 2003

Mdogo wangu Modest,

Nimekukosea. Naandika mapema kabla kiburi hakijanirudia. Nilikasirika kwa haki lakini nikampiga asiyehusika. Hasira sijaitupa, nimeipeleka kwa mwenyewe, Alfredi.

Mzee Gidahosh nimemsomea barua yako nikidhani atacheka. Hakucheka hata kidogo. Akasema, "Nilijua itakaza. Mkanda wa mashine si unatakiwa ukaze? Kitanda kikilegea mtu anaanguka." Unaelewa, Modest? Alipima hivyo kwa makusudi! Alifikiri unapeleka ukanda mfupi dukani ili upate mkanda wenye nguvu, na alikuwa anashangaa mbona hatumshukuru. Ilibidi nimwambie mikanda ya dukani haikauki. Akatafakari, akasema basi hiyo ni mikanda ya uongo.

Sasa nimechukua waya wa uzio, nikaupitisha kwenye puli zote, nikaunyoosha, nikaupima kwa ile tepu ya kupimia vichwa vya watoto wachanga. Fupi ile, imebidi kuirudia na kuweka alama kwa dawa ya vidonda. Ni sentimita mia mbili na nane. Safari hii ukikosea ni wewe.

Fanya upesi. Wiki hii Alfredi alipigilia vigingi uwanjani, kuanzia upande wa mashariki, na kamba za mipaka. Nilitoka mchana kweupe, saa ya watu kwenda kisimani, nikaving'oa kimoja kimoja nikapikia maharage ya kina mama wanaongojea kujifungua. Alikuja anatetemeka. "Nani ameng'oa vigingi vyangu?" Nikamwambia karibu, maharage yameiva. Akasema atanishitaki wilayani. Nikamwambia apeleke na salamu zangu, na kwamba watoto wanaotaka mashamba ni sharti kwanza wazaliwe.

Hoja yake siidharau. Vijana wanahitaji ardhi, na yeye ana vijana wanne. Lakini bonde lote hili limekosa mahali pengine isipokuwa hapo Lucia anapotakiwa kupita?

Lucia ameanza kuvimba miguu. Anakuja kila asubuhi, anatazama juu tu. Mvua imeanza kunyesha kweli kweli.

Dada yako,
Severina


Katesh.
6 Aprili 2003

Dada,

Shikamoo. Mia mbili na nane ni inchi themanini na mbili. Nimeupata Babati, nikaupima kwa tepu yangu, ya mwenye duka, na ya fundi cherehani wa jirani. Sikuamini maandishi ya mkanda, maana wa kwanza kuushika ulikuwa umeandikwa namba hiyo na ukapungua vidole vitatu.

Basi haliendi tena kwenu, limerudi njiani mara mbili. Nimempa Agustino, yule mfanyabiashara wa ng'ombe, anashuka kwa miguu na wenzake. Amevaa mkanda begani na nimemwambia asiuvue hata akilala. Fisi wenu nawajua sasa.

Hakikisheni ile puli ndogo ya kukazia inazunguka bila kukwama, la sivyo mkanda utaungua siku ya kwanza.

Watu wa Babati nimewaambia dada yangu hana nafasi. Wakauliza atakuwa na nafasi lini. Nikasema hana.

Mama anamwombea huyo Lucia kila jioni kwa jina, na Alfredi naye anamwombea, lakini kwa sauti nyingine.

Mdogo wako,
Modest


Yaeda Chini.
4 Mei 2003

Mdogo wangu Modest,

Mkanda ulikaa. Ulikaa mara ya kwanza, bila kuvutwa, na Mzee Gidahosh alipowasha na mashine ikasogea, nilipiga kigelegele peke yangu mpaka wagonjwa wakatoka nje.

Alikata siku mbili mfululizo, amejifunga shuka lake, fimbo ameiweka mapajani, mgongo wima. Nyasi zilikuwa zimelowa, kila mara tunasimama kusafisha visu. Siku ya pili Oliva, mama yake Lucia, alikuja na fyekeo akaanza pembeni ambako mashine haifiki. Hakumwomba mtu ruhusa. Wakaja wengine, kina mama peke yao, wakiwa na watoto wao mgongoni. Alfredi alitoka akasimama katikati ya uwanja, mikono kiunoni. Mzee Gidahosh hakupiga kelele wala hakupunguza mwendo. Alikuja moja kwa moja hivyo hivyo, mashine inanguruma, nyasi zinaruka. Alfredi aliondoka, Modest. Aliondoka kwa haraka kidogo.

Tarehe kumi na tisa Aprili ndege ilitua. Lucia alipanda kwa shida, miguu imevimba mpaka viatu alivishika mkononi. Siku ya nne tukapata habari kwa redio ya parokia kwamba amepasuliwa na amepata mtoto wa kike, wote wawili wazima. Mwambie mama. Sala za kila jioni zimefika.

Sasa na hili nalo nikuambie. Rubani aliposhusha dawa alinipa barua ya ofisi yao, akasema pole kabla sijaifungua. Safari za Yaeda zinakwisha mwezi wa sita. Wafadhili wameondoka, fedha hakuna. Nilisoma yote nikitafuta neno juu ya nyasi, juu ya uwanja, juu ya kosa letu. Halimo. Tumehangaika na fisi, ngozi, waya na tepu za watoto, uwanja umekuwa safi mpaka unaweza kuulalia, na wao wanaacha tu. Nililia, Modest. Nililia jikoni, moshi ukanisaidia, na nakuambia wewe peke yako.

Nilipomaliza kulia nilinawa uso nikaandika majibu. Nimewaambia nitawaandikia kila mwezi kuwajulisha kwamba uwanja uko wazi. Wakiacha kuja waseme wameacha, wasiseme njia haikuwepo. Nakala nimepeleka kwa mkuu wa wilaya, na nyingine Babati kwa hao wa mkoa mpya, kwa kuwa wana nyumba zenye umeme nina hakika wataweza kusoma.

Habari kama hizi hazifichiki. Leo asubuhi tulipokuwa tunajaza mashine mafuta Alfredi alikuja amevaa shati la kanisani, na kijana mmoja amebeba vigingi vipya. Hakuwa mkali. Aliongea kwa upole, kama mtu aliyekwisha kushinda. "Dada nesi, mwezi wa sita ndege inakwisha. Huyu mzee unamchosha bure. Sasa nyasi unamkatia nani?"

Nikamwambia namkatia Lucia wa mwakani, na yeye asogee pembeni, mashine inapita.

Dada yako,
Severina